Siku moja kambini: bondia wa kike wa kulipwa, wiki tatu kabla ya pambano

Hii ni Jumanne ya sparing, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako ulingoni, Dar es Salaam. Pambano ni la raundi 8 za dakika 2, uzito wa super bantam, ambao kikomo chake ni kilo 55.3. Mpinzani ni mashoto. Makocha wengi wanaotufundisha walilelewa katika ngumi za wanaume, na wengi bado wanatupa programu ya mwanaume iliyopunguzwa kidogo. Mimi naamini mchezo wetu unadai maandalizi yake wenyewe, kuanzia mzani wa asubuhi hadi kengele ya raundi.

Saa 11:00 alfajiri

Naanza msalani, halafu mzani, kabla sijanywa hata maji. Mzani ni uleule kila siku, juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu mzani unaowekwa kwenye zulia hudanganya. Leo unasoma 57.9, yaani nimezidi kilo 2.6. Kilo moja na nusu hivi itatoka kwa chakula katika wiki hizi tatu, na iliyobaki ni maji na chumvi katika siku za mwisho. Anayefika wiki ya mwisho akiwa amezidi kilo tano hujifungia kwenye nguo za plastiki, akapanda ulingoni miguu imekufa na ubongo umekauka. Ngumi ya kichwa kwa mtu aliyepungukiwa maji ni hatari zaidi, na vidonge vya kukojoza maji vimepigwa marufuku michezoni.

Pembeni ya namba ya uzito naandika siku ya mzunguko wa hedhi. Wanawake wengi huhifadhi maji kabla ya hedhi, na mzani unaweza kupanda kilo moja au zaidi bila mafuta kuongezeka. Kocha asiyejua hilo anakata wali, bondia anapoteza nguvu, na baada ya siku nne uzito unashuka wenyewe. Pambano linapopangwa, tarehe hiyo ni ya kuhesabiwa mapema. Na hedhi ikipotea kambini, hiyo si nafuu hata kidogo: mara nyingi mwili unasema haushibi, na mifupa ndiyo inayolipa, hasa ule wa muundi. Hapo ni daktari, na chakula kiongezwe.

Saa 11:30 alfajiri

Mbio. Dakika 10 za taratibu kuelekea Coco Beach, kisha dakika 2 kwa kasi na dakika 1 ya kutembea, mara 8, halafu narudi taratibu. Mpangilio huo unafanana na pambano lenyewe. Zile mbio ndefu za saa moja na nusu kwa mwendo mmoja zinachosha miguu na hazifundishi kupumua ndani ya dakika 1 ya mapumziko. Mchangani nakimbia mara moja tu kwa wiki, kwa sababu mchanga laini unavuta sana kano ya kisigino. Mwanamke asikimbie peke yake gizani. Tunatoka wawili au kikundi, na fulana za rangi ya kung'aa.

Saa 1:30 asubuhi

Uji wa ulezi, mayai mawili, ndizi mbivu, chungwa. Chai ya majani inasubiri walau saa moja, kwa sababu ikiandamana na chakula inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Sisi tunapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo chuma kwetu ni suala la pumzi. Bondia anayeishiwa raundi ya tatu ilhali anakimbia kila siku, apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu.

Saa 3:00 asubuhi

Kazi ya mkate. Ngumi zinalipa siku ya pambano, na mapambano hayaji kila mwezi, kwa hiyo wengi wetu tuna biashara ndogo au tunafundisha mazoezi. Nafundisha madarasa mawili ya ngumi za afya. Kanuni yangu siku ya sparing ni kuelekeza kwa mdomo na kutoshika padi (mito ya mkononi ya kupigiwa ngumi) za wanafunzi, maana mtu mzito asiyejua kupiga anaharibu bega na kiwiko cha mshikaji.

Saa 5:30 asubuhi

Karatasi. Leseni yangu ni ya Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC. Leo kuna mkataba wa kusoma, na nausoma neno kwa neno: uzito umeandikwa kwa kilo au kwa pauni (55.3 ni pauni 122), raundi ngapi, malipo ni kabla au baada ya makato, nani analipia vipimo, nauli na chumba cha kocha, na nini kinatokea mpinzani akizidisha uzito. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Kikikosekana, unafika kwenye mizani, mwenzako amezidi kilo mbili, na unabaki kuchagua kati ya kupigana na mtu mkubwa au kurudi nyumbani mikono mitupu. Asilimia ya meneja nayo iandikwe. Ya mdomoni huzaa ugomvi.

Vipimo vinavyodaiwa kwa kawaida ni VVU, homa ya ini B na C, na macho; kwetu wanawake kinaongezwa kipimo cha ujauzito. Usingoje siku ya mwisho.

Saa 7:00 mchana

Wali kikombe kimoja, dagaa au maharage, mchicha wa kutosha, ndimu juu yake. Ndimu inasaidia chuma kilichomo kwenye mboga. Kisha usingizi wa dakika 40.

Nikiamka natazama pambano moja, nikiwa na kazi maalumu ya kuangalia. Leo ni Katie Taylor wa Ireland na Amanda Serrano wa Puerto Rico, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, 30 Aprili 2022, nikitazama mashoto Serrano alivyombana Taylor raundi ya 5, na Taylor alivyorudi kwa miguu hadi kushinda kwa majaji waliogawanyika. Siku nyingine ni Fatuma Zarika wa Kenya, aliyetwaa mkanda wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) wa uzito wetu huu kwa kumshinda Alicia Ashley huko Michigan mwaka 2016.

Saa 10:00 jioni

Jimu. Bandeji kwanza, ya mita 4.5. Kitanzi kwenye dole gumba, mzunguko mara tatu kwenye kifundo cha mkono, mara tatu juu ya vifundo vya ngumi, kisha kupita katikati ya vidole, kufunga dole gumba, na kurudi kumalizia kwenye kifundo. Vidole viwe vimetanuliwa muda wote. Ikifungwa sawa, inabana ukikunja ngumi na kulegea ukifungua. Ikilegea kwenye kifundo, ngumi ya kuzungusha itakupinda mkono.

Glovu nyingi za jimu zimetengenezwa kwa kiganja cha mwanaume. Mkono mdogo unateleza ndani yake na dole gumba ndilo linaloumia. Tafuta saizi ndogo, au ongeza mizunguko ya bandeji kwenye vifundo. Sparing ni aunsi 14 au 16. Siku ya pambano, uzito wetu unavaa aunsi 8. Nywele zinasukwa twende kilioni zilale chini ya hedigadi (kinga ya kichwa), bila shanga wala kibanio cha chuma. Sidiria iwe imara. Kinga ya kifua ni hiari ya bondia. Kinga ya nyonga naivaa hata mazoezini.

Kuruka kamba raundi 3, kupiga ngumi hewani (kivuli) raundi 3, halafu sparing raundi 6.

Hapa ndipo dakika 2 zinapobadilisha kila kitu. Mwanaume mwenye dakika 3 anaweza kutumia sekunde 40 akimpima mwenzake. Mimi nikifanya hivyo nimetupa theluthi ya raundi, na jaji anaandika pointi 10-9 kwa aliyefanya kazi. Kwa hiyo jabu (ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele) ya kwanza iende ndani ya sekunde tano. Kocha anaita "kumi na tano!" zikibaki sekunde 15, nami naachia ngumi nne au tano, kisha natoka kwa pembeni, si kwa kurudi nyuma moja kwa moja. Wapo wanaodai dakika 3. Serrano alipigana raundi 12 za dakika 3 mwaka 2023 na Danila Ramos, akashinda. Naunga mkono apewe anayetaka. Ila mkataba wangu unasema 2, na sparing inafuata mkataba.

Dhidi ya mashoto, mguu wangu wa kushoto unapaswa kuwa nje ya mguu wake wa kulia, ili ngumi yangu ya kulia iliyonyooka ipite katikati. Kosa la kawaida ni kuzunguka kuelekea mkono wake wa kushoto, ambako ngumi yake nzito inangoja. Raundi tatu za kwanza ni za kijana wa kiume mashoto mwenye uzito wetu, aliyeagizwa kasi bila nguvu. Tatizo la wavulana ni kwamba anayejizuia sana anakupa umbali wa uongo, na asiyejizuia anakuumiza. Ndiyo maana raundi tatu za mwisho ni za mwanamke kutoka kambi nyingine, na nauli yake iko kwenye bajeti ya kambi.

Dakika ya mapumziko: sekunde 20 za kupumua bila mtu kusema, maji mafunda mawili, kisha agizo moja tu. Kona yenye watu watatu wanaopiga kelele haimsaidii bondia.

Saa 12:30 jioni

Mzani tena. Nimepungua gramu 900, kwa hiyo nakunywa lita moja na zaidi kidogo, taratibu, yenye chumvi kidogo na sukari. Kocha anauliza maswali yaleyale: kichwa kinauma? Taa zinakukera? Umesahau raundi yoyote? Jibu moja la ndiyo linasimamisha sparing hadi daktari aseme. Kuficha ili usipoteze pambano ni kuuza miaka ya mbele.

Saa 2:00 usiku

Chakula chepesi chenye samaki. Bandeji zinafuliwa, glovu zinajazwa magazeti na kuachwa wazi zikauke, maana glovu mbichi huleta fangasi na majipu. Kitandani kabla ya saa 3:30. Kesho ni mbio nyepesi na padi raundi 6. Sparing inarudi Alhamisi, na siku 10 kabla ya pambano inasimama kabisa.