Uhura hakupona kwa wiki moja

Jumapili, Area C, Dodoma. Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo, kwa hiyo nimejifungia ndani. Binti mmoja ninayefanya naye kazi kule Mtumba ameanza kutazama Star Trek ile ya kwanza, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, ya 1966 hadi 1969, na siku hizi kwenye basi hana stori nyingine. Ijumaa akaniuliza, "Dada, hizo hadithi za mashabiki unazosomaga, nianze na ipi?" Nikamwambia nitamwandikia.

Ni hadithi ambazo mashabiki wenyewe wanawatungia wahusika wa tamthilia. Kwanza ajue kwa nini nazisoma. Tamthilia ile ina tabia moja inayoniudhi: mtu akiumia leo, episodi inayofuata ni mzima kama hakijatokea kitu. Chukua "The Changeling" ya 1967. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha anga Enterprise, akiimba, haimwelewi, inafuta kila alichokuwa anakijua. Nesi Chapel anakaa naye kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na akikwama, Kiswahili kinamtoka mdomoni. (Binti wa watu alipofika hapo alipiga kelele, basi zima likageuka.) Halafu Dokta McCoy anasema ndani ya wiki atakuwa amerudi kazini. Wiki! Hakuna anayeuliza kama anamkumbuka mama yake. Huku kwetu mtu akitoka hospitali kwa malaria tu, majirani wanaingia na kutoka, uji unapikwa, anaulizwa hali hadi achoke kujibu.

Hadithi ninazozipenda mimi ni zile zinazokwenda kumjulia mgonjwa hali.

Ndiyo maana aanze na "Mind-Sifter" ya Shirley Maiewski. Imo katika Star Trek: The New Voyages, mkusanyiko wa kazi za mashabiki uliotolewa na Bantam mwaka 1976, wakati tamthilia ilishasimamishwa miaka saba. Kirk, nahodha wa Enterprise, anatekwa na Waklingon, maadui zao wa anga, wanampitisha kwenye ile mashine ya kuchambua akili, kisha anatupwa nyuma ya wakati hadi Marekani ya miaka ya 1950. Anaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, hajijui. Nahodha yule anayeshinda kila ugomvi kwa ngumi na tabasamu, hapa anaogopa. Nesi mmoja anamhudumia kwa subira, na kule kwenye chombo Spock, msaidizi wake, anakataa kukubali kwamba rafiki yake amekufa. Mwandishi hana haraka ya kumponya, na mimi hapo ndipo aliponinasa. Kuna kurasa zinazovuta machozi kwa makusudi kabisa, nazisamehe.

Kitabu hichohicho kina "Visit to a Weird Planet Revisited" ya Ruth Berman, hiyo ni ya kucheka. Shatner, Nimoy na Kelley, waigizaji wa Kirk, Spock na McCoy, wanajikuta ndani ya Enterprise ya kweli, na inabidi wajifanye ndio wenyewe. Nakala yangu jalada linaachia, nitamwazima kwa sharti asikunje kurasa.

Aongeze "A Trekkie's Tale" ya Paula Smith, 1973. Ni fupi, unaimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Luteni Mary Sue, miaka kumi na tano na nusu, ndiye mdogo kuliko maluteni wote, anajua kila kitu, na kila mtu anampenda. Smith alikuwa anawatania waandishi wenzake waliojiingiza wenyewe kwenye chombo, na jina hilo, Mary Sue, linatumika hadi leo kwa mhusika asiye na kasoro.

Za siku hizi atazikuta Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki. Ni bure, linaendeshwa na watu wa kujitolea, na mwaka 2019 lilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za kubuni. Apakue faili akiwa na bando, asome hata mtandao ukikata. Lakini achague: tangu filamu ya 2009 iwape Uhura na Spock mapenzi, ukimtafuta Uhura unapewa mahaba kwanza. Mimi namtaka Uhura yule wa baada ya Nomad, miezi sita baadaye, anapokea simu ya nyumbani na sauti haifahamu.

Wapo waliojaribu, ila hakuna aliyenikata kiu. Binti huyu ana kalamu, nimeona ripoti zake. Akiamua kuiandika nitakuwa msomaji wa kwanza, mradi tu asitokee humo luteni wa miaka kumi na tano kutoka Dodoma.