Papa wa Kwenye Kioo Waliohamia Uani

Juni 2021 nilinunua jijini Dar es Salaam samaki wanne ambao muuzaji aliwaita papa wa maji baridi, kila mmoja akiwa na urefu wa kidole cha kati, nikasafiri nao kwa basi hadi Mtwara wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Jirani yangu hapa Shangani, mvuvi wa miaka mingi, aliwatazama kidogo tu, akacheka: "Mwalimu, papa nawajua mimi. Huyu ni kambare aliyeazima pezi."

Alikuwa amesema kweli. Samaki hawa, ambao wataalamu huwaita Pangasianodon hypophthalmus, ni wa jamii ya kambare. Wana sharubu na hawana magamba. Kinachowafananisha na papa ni pezi la mgongoni lililosimama na namna wanavyoogelea bila kutulia. Asili yao ni mito ya Mekong na Chao Phraya huko Asia, ambako samaki wa porini wamo hatarini kutoweka, ilhali Vietnam huwafuga kwa wingi na kuuza minofu yao nchi za nje. Muuzaji hakuniambia kwamba samaki huyu anaweza kuzidi urefu wa mita moja, nami, lazima nikiri, sikuuliza.

Tangi langu la kioo lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50, yaani lita 270 likijaa hadi ukingoni, na kwa miezi michache lilionekana kubwa mno. Tatizo la kwanza halikuwa nafasi bali woga. Macho yao hayaoni vizuri, kwa hiyo kila kishindo huwashtua, nao wakishtuka hukimbia bila kuangalia waendako. Usiku mmoja mwanangu aliwasha taa ya sebuleni ghafla, wote wanne wakajibamiza kwenye kioo, na mmoja akavunjika pua, akafa siku ya tatu. Mwingine alilala chali chini ya tangi hata nikachukua wavu wa kumtolea, kumbe amezimia kwa hofu tu, na baada ya muda akainuka na kuendelea na safari zake. Tangu siku hiyo niliondoa mawe yote yenye ncha, nikafunika pande tatu za tangi kwa kanga nene, nikaweka taa ndogo ya mezani ambayo ilitangulia kuwashwa kabla ya ile kubwa.

Tatizo la pili lilikuwa maji. Samaki hawa wanakula sana na kuchafua sana, na uchafu wao hutoa amonia ambayo huunguza matamvua. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Kwa hiyo kosa nililofanya mwanzoni, la kuosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, lilikuwa sawa na kuwaua wafanyakazi wangu mwenyewe. Nilijifunza kuisuuza ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, na kubadilisha theluthi moja ya maji kila wiki kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikiyachemsha mapovu. Joto la huku kwetu halihitaji hita, lakini maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo umeme ulipokatika mchana niliacha kabisa kuwalisha na kutumia pampu ya betri.

Mwishoni mwa 2022 kila mmoja alikuwa amefikia sentimita 35, naye hakuweza kugeuka bila kugusa kioo kwa mkia. Kuna mtu alinishauri nikawaachie Mto Ruvuma. Nilikataa katakata, kwa sababu samaki mgeni akiingia mtoni anaweza kuleta maradhi na kugombea chakula na samaki wa asili, na kumrudisha haiwezekani tena.

Nikamwita fundi, tukajenga uani bwawa la saruji la mita 4 kwa 2.5, lenye kina cha mita 1.2, linalobeba lita 12,000. Saruji mpya hutoa chokaa inayofanya maji kuwa makali, kwa hiyo nililijaza na kulimwaga mara tatu, kila mara nikiliacha wiki nzima, na mara ya pili nikalisugua kwa siki. Chujio ni pipa la lita 200 lililojaa kokoto na vipande vya nyavu chakavu, na ile sponji kuukuu ya tangini niliitia humo ili bakteria waenee upesi. Juu nimeezeka makuti kwa ajili ya kivuli, chini yake nimetandaza wavu wa uvuvi, maana wakishtuka huruka.

Chakula chao ni cha vidonge vinavyoelea, ambacho huagizwa Dar es Salaam. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, mzigo wangu ulikwama, nikawalisha dagaa wakavu waliotwangwa na kuchanganywa na pumba, nao wakala bila kinyongo.

Watatu wale wapo hadi sasa, kila mmoja akizidi nusu mita, na wakisikia nyayo zangu jioni huja upande wa pipa. Jirani bado huniuliza siku ya kuwapika. Tangi la kioo mke wangu analihifadhia korosho zilizobanguliwa.