Nguzo za Wharram Percy

Kazi yangu ni kujenga nyumba za udongo na kuezeka makuti, hapa Malindi na vijiji vya jirani hadi Gede. Nikisoma habari za kijiji cha kale, cha nchi yoyote ile, hutaka kwanza kujua paa lilibebwa na nini. Ndiyo maana nimekipenda mno kijiji kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, Wharram Percy, kilicho kwenye vilima vya Yorkshire, mashariki ya mji wa York.

Siku hizi hakuna anayeishi pale. Kuna kanisa la Mtakatifu Martin lisilo na paa, kuna bwawa, na majani yameota juu ya matuta yaliyokuwa nyumba. Tauni kuu ya 1348 na 1349 iliua watu wengi nchini humo, na baadaye wenye ardhi wakaona sufu ya kondoo inawalipa kuliko wakulima. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 16 familia za mwisho zilikuwa zimeshaondolewa na mashamba yamegeuzwa malisho. Hunichoma moyo kila nikilisoma. Mtu kutolewa kwenye nyumba aliyozaliwa ili kondoo wapate nafasi!

Mwaka 1948 Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, aliyatazama matuta yale akafahamu kilichomo. Yeye na mwanaakiolojia John Hurst waliongoza uchimbaji wa kila kiangazi kutoka 1950 hadi 1990, wakisaidiwa na watu wa kujitolea. Miaka arobaini, kijiji kimoja! Na hawakuishia kwenye jumba la bwana. Walichimba nyumba za wakulima wa kawaida, wakaondoa udongo tabaka kwa tabaka.

Walikuta misingi ya kuta iliyojengwa upya mara nyingi, mpya ukikaa karibu na wa zamani. Wakaona basi nyumba za maskini wale zilikuwa dhaifu, kila kizazi kikivunja na kujenga nyingine. Fikra hiyo ilidumu miaka mingi. Baadaye Stuart Wrathmell aliyapitia upya matokeo, akasema ukuta si nyumba. Paa lilibebwa na miti mikubwa iliyopinda, ikisimamishwa miwili miwili na kukutana juu, kazi ya maseremala wanaoijua kazi yao. Kuta za mawe laini ya chaki zilikuwa za kuziba tu, zikichakaa zinatolewa na kuwekwa nyingine, na miti imesimama pale pale.

Nilipofika hapo nilimwita mke wangu nikamsomea kwa sauti. Sisi hujenga hivyo hivyo. Unachimbia nguzo, unafunga mwamba, yaani mti unaolazwa juu ya nguzo, na makombamoyo ya kubebea makuti, unaezeka, ndipo unafunga fito na kukandika. Mvua za masika zikila udongo, unakandika tena. Marehemu mjomba, aliyenifundisha kazi, alikuwa akituambia vijana tusimcheke mtu ambaye ukuta wake umemomonyoka, tukatazame nguzo zake kwanza. Mpita njia akiona ukuta mpya kila baada ya miaka kadhaa atasema nyumba ni mpya, na kumbe ni ile ile aliyojenga babu.

Kwa hiyo nikienda Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, huwa sikai sana kwenye kasri na msikiti mkuu, ingawa ni vizuri na mwanaakiolojia James Kirkman alivichimba kwa bidii kuanzia 1948, mwaka ule ule wa Beresford. Mimi huvuka ukuta wa ndani. Kati ya ukuta huo na ule wa nje ndiko walikokaa wengi, kwenye nyumba za udongo na makuti, na mgeni hupita pale akidhani ni msitu tu. Ningependa sehemu hiyo nayo ipewe miaka yake, msimu baada ya msimu, na mafundi wa kukandika wawepo shimoni pamoja na wasomi. Nguzo ikioza ardhini huacha duara la udongo wa rangi tofauti. Ukiyafuata maduara hayo utajua chumba kilikuwa na upana gani, mlango ulitazama wapi, na fundi alikuwa hodari kiasi gani.