Haikuwa vidonda vya tumbo

Mwezi wa pili sasa tangu mama atoke hospitali, nami bado najilaumu kwa zile siku tatu tulizomnywesha dawa ya vidonda vya tumbo, kwa kuwa alilalamikia kichefuchefu, uchovu uliomkalisha chini katikati ya kufua, na maumivu ya taya aliyodhani ni jino. Kifua hakukishika hata mara moja. Hospitali ya rufaa ndiyo iliyompima: presha 178/104, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha shambulio la moyo.

Daktari akamuuliza swali nisilolitarajia, kama aliwahi kupata kifafa cha mimba, yaani presha kupanda na degedege wakati wa ujauzito. Aliwahi, alipokuwa na mimba yangu, mwaka 1988. Sikujua kwamba mwanamke aliyepata tatizo hilo hubaki na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, wala kwamba hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma.

Sasa chumvi yake ya siku nzima haizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai (jambo analolilalamikia kuliko moyo wenyewe), na mashine ya kupimia presha tumeinunua. Jana nilijipima nami: 138/88, inakaribia kuwa ya juu.