Leo mchana kivuli kimenikimbia

Jamani hivi mnajua kuna siku kivuli kinapotea kabisa? Juzi usingizi umegoma, naperuzi tu mtandaoni, nikakuta mtu kaeleza kwamba sisi wa karibu na ikweta jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, Dar ni mwanzoni mwa Machi na tena tarehe 10 Oktoba hivi, Mombasa yao kama 10 Machi na 3 Oktoba. Nikasema ngoja nijaribu, si bure.

Leo saa sita na dakika kumi nikatoka na kopo tupu la maziwa ya unga nikalisimamisha kwenye zege nje ya geto. Aisee! Kivuli hamna, kiko chini ya kopo lenyewe! Nikasimama na mimi, kivuli chote nimekikanyaga. Bodaboda wa kijiweni wanacheka, "oya mwanangu, jua limekupiga?", dakika mbili mbele kila mtu anazunguka anaangalia miguu yake, mama wa mihogo naye kaja na mwiko (wake ulikuwa na kivuli kidogo, kaushika upande).

Picha zangu mbovu, simu ilikuwa inachemka. Wa Mwanza yenu ilishapita mwishoni mwa Septemba, subirini Machi.