Lulu na marijani, na nani aliyeyajenga

Assalaam alaykum ndugu zangu, wiki hii nimekaa na aya ya 22 ya Suratur Rahman, zatoka humo lulu na marijani, halafu linafuata lile swali tunalolijua sote, basi ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha?

Marijani tunaijua kwa shanga na pete, ila aliyeitengeneza ni mnyama jamani, tena mdogo, laini, hana ubongo hana moyo hana damu, ana tundu moja tu, anakulia hapo na taka anatolea hapohapo. Anaitwa polipu. Matumbawe yetu haya ya Lamu mpaka Mafia ni kazi ya jamaa zake, kila mmoja anajijengea kikombe cha chokaa, akifa mwingine anajenga juu yake. Ulaya mpaka miaka ya 1700 wengi walishikilia kwamba tumbawe ni mmea, wakati Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu wa karne ya 11, alishaliweka tumbawe upande wa wanyama kwa vile linahisi likiguswa, mashaallah.

Kinachonishangaza zaidi ni undugu wake. Konyeza, yule mnyama laini anayeelea baharini na kuwachoma watoto wakioga, yule tunayemlaani, ni ukoo mmoja na tumbawe, wataalamu wanauita Nidaria, na alama ya ukoo ni silaha ileile ya sumu: kwenye ngozi kuna vifuko visivyoonekana kwa macho, ndani ya kila kimoja umekunjwa uzi, ukigusa tu unafyatuka kabla hujapepesa jicho, ndo maana hata konyeza aliyekufa mchangani bado anachoma. Na konyeza wengi wanaanza maisha wakiwa polipu walionata mwambani, halafu polipu anajikata vipande vyembamba, kimoja juu ya kingine kama sahani, kila kipande kinabanduka na kuondoka kinaogelea, tayari ni konyeza mchanga. Tumbawe hatua hiyo hana, yeye habanduki. Silaha moja, Mola kampa huyu kuelea na yule kujenga.

Nendeni Kizimkazi Unguja mkaangalie yale maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, msikitini, mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe. Miaka mia tisa watu wanasujudu mbele ya kazi ya kiumbe asiye na ubongo, subhanallah, sisi wenye akili tunajenga nini?

Na kiumbe huyu hajitoshelezi. Mwilini mwake kahifadhi mwani mdogo mno, yeye anaupa makazi nao unampikia chakula kwa jua, rangi nyingi ya tumbawe inatokana na huo. Maji yakizidi joto wanaachana, tumbawe linabaki jeupe, na joto likidumu linakufa, tuliyaona mwaka 1998 pwani nzima Kenya na Tanzania, samaki nao wakakosa makazi.

Kwa hiyo ndugu zangu wavuvi na wenye boti za wageni, nawaomba kwa Mola wenu, nanga tieni penye mchanga, na maji yakitoka mkienda kuchokoa pweza msiyakanyage matumbawe wala kuyavunja, yako hai yale.