Mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi: nilipofikia

Jumamosi, 6 Julai
Nimeipata mnadani, imelazwa kati ya majembe mabovu na pampu ya baiskeli. Ni ile ya chuma kizito: mdomo wa kuingizia hindi juu, sahani ya meno ndani, gurudumu lenye mpini pembeni. Imepakwa rangi ya kijani ambayo bado inanuka. Mzee akaanzia 120,000.

"Shikamoo mzee. Hiyo si bei ya mpya?"

"Marahaba mwanangu. Mpya za siku hizi bati tupu."

Tukamalizana kwa 85,000. Niliizungusha tupu mara tatu, ikateleza kama cherehani, nikalipa. Bodaboda alilalamikia uzito njia nzima.

Nina magunia kumi na mawili tu, na mashine za trekta zinazopita huku kwetu Mbozi haziji kwa mzigo mdogo hivyo. Kuyaacha kwenye magunzi ni kumkaribisha dumuzi, yule wazee wanayemwita Scania, maana hindi likiwa bado kwenye gunzi ndipo hulishambulia vizuri zaidi. Kuyapiga kwa fimbo ndani ya gunia nako kunapasua punje, na punje iliyopasuka haikawii kuota ukungu.

Jumapili
Aibu. Hindi la kwanza liliingia likatoka na nusu ya punje zake. La pili likakwama. Nikafungua: springi inayokandamiza hindi kwenye sahani ya meno si yake, ni ya kiti cha baiskeli! Nikapitisha msasa kwenye rangi, na chini yake kuna ufa, kutoka tundu la bolti hadi karibu na ekseli, umezibwa kwa gundi. Ile rangi haikuwa urembo.

Jumatano
Gereji, Vwawa. Nilitaka achomelee, fundi akakataa. Chuma hiki cha kumimina kikipigwa moto ghafla kinapasuka zaidi. Alitoboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia ili usiendelee, akabana kipande cha bati nene kwa bolti mbili. Akaweka bushi mpya na springi ya valvu ya pikipiki. Jumla 32,000. Kwa hiyo mashine ya 85,000 sasa ni ya 117,000, na yule mzee alianzia 120,000. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 13 Julai
Kwanza nilipima ukavu: mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, nikatikisa, nikaacha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Haikunata.

Mimi kwenye mpini, mpwa wangu akilisha, ncha nyembamba ikitangulia. Ukikaza sana nati ya springi punje zinakatika. Ukilegeza, magunzi yanatoka na masharubu. Nililegeza robo mzunguko, nikakaza nusu ya hiyo, na sauti ikabadilika: badala ya kukwaruza, mvua ya mawe juu ya bati. Debe moja kwa robo saa hivi. Vihindi vidogo vinapita bila kuguswa, hivyo mama anavipukuchua jioni kwa vidole huku akinicheka.

Bado sijaweka kinga kwenye gurudumu, na mpwa wangu anapenda mashati ya mikono mirefu. Hiyo kwanza. Halafu kuna kinu cha mkono nilikiona pembeni siku ile mnadani, nacho kimepakwa rangi mpya. Mwezi ujao nitakwenda na msumari wa kukwangulia na mahindi makavu mfukoni.